Kipimo cha G6PD chasema niko "katikati", itakuwaje na mimi nina X mbili?

mama_kisauni

Asalaam aleikum, na kwa wasio Waislamu habari zenu. Naomba mwenye elimu anieleze kwa lugha ya kueleweka manake nimezungushwa vya kutosha.

Mwanangu wa kiume alizawa mwezi uliopita salama kabisa, kilo tatu na kitu. Sku ya tatu akaanza kugeuka manjano, macho kwanza halafu ngozi. Mavyaa akasema ni kawaida, mtoeni jua la asubuhi, tukamtoa. Sku ya tano mtoto hanyonyi, halii, amelegea tu kama kitambaa, tukavuka daraja usiku huohuo kumkimbiza hospitali. Akawekwa chini ya taa za buluu sku nne, na wakatuambia kidogo tu angebadilishwa damu lakini alhamdulillahi ikashuka. Daktari mmoja akaniuliza swali sikulitarajia, nguo za mtoto zilikuwa zimewekwa wapi. Nikamwambia ni za kakake, zimekaa kabatini miaka na vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende vinavyonuka sana, zikatolewa akavishwa hivyo hivyo. Akatingisha kichwa akaandika kipimo. Majibu: G6PD ya mtoto, wasema ni kitu cha kulinda chembe za damu, ndogo mno. Babake akapimwa, iko sawa. Mimi nikapimwa, "katikati".

Aliyenipa karatasi akasema tu "basi wewe ndio umempa" akaita mtu mwengine. Toka sku hiyo nyumbani hilo neno ndio limeshikwa, kila mgeni akija kumuona mtoto aambiwa ni damu ya mama.

Sasa maswali yangu. Skuli tulifundishwa mwanamke ana kromosomu X mbili, moja ikiwa mbovu ile nzima hufanya kazi, yeye hubeba tu hapatwi na kitu. Mimi mbona niko katikati, ile nzima yalala au vipi? Na katikati maana yake kila chembe ya damu yangu ina nusu? Kingine kinachonichanganya, dadangu wa tumbo moja, baba mmoja, alipimwa kule anakokaa na yake iko chini kabisa, karibu ya mwanangu, na yeye ni mwanamke kama mimi. Imekuwaje?

kibokoni_95

Pole sana dadangu, Mungu amkuze. Sina elimu ya damu ila hivyo vidonge vyeupe naomba kila mama asomaye hapa avitoe leo leo kwenye kabati la mtoto. Mtoto wa jirani yetu yalimpata kama hayo na hakuna aliyejua ni nini mpaka mwisho. Na kufua tu hakutoshi kama nguo zarudi kabati lile lile.

mwl_bayolojia

Waleikum salaam mama. Umeuliza swali zuri mno, na ulilofundishwa skuli ni kweli lakini ni nusu ya kweli (sisi walimu ndio huwafundisha hivyo kwa ajili ya mtihani, nasema kwa masikitiko).

Umeuliza kama ile nzima yalala. Dada, umelisema lenyewe. Katika kila chembe ya mwili wa mwanamke X moja imelala. Wewe, dadako, mavyaa, wanawake wote. Tena si ile mbovu inayolala siku zote, wala si ile nzima. Chembe hii imelaza ya babako, ya pembeni yake imelaza ya mamako.

Kwa nini zilale? X ni kromosomu kubwa, ina jeni zaidi ya 800, na Y ya mwanamume ni kijisehemu tu, jeni chache mno. Zingekuwa macho zote mbili, mwanamke angetengeneza kila kitu cha X mara mbili ya mwanamume na mwili haungeweza mizani hiyo. Kwa hivyo moja yafungwa. G6PD iko kwenye hiyo hiyo X, karibu na ncha yake. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu isiunguzwe na kemikali kama za vile vidonge. Chembe isiyo nacho, ikikutana na hizo kemikali hupasuka, na damu iliyopasuka ndiyo inayomgeuza mtoto manjano.

Sasa turudi kwa "katikati" yako. Si kwamba kila chembe ina nusu. Una chembe za aina mbili zinazotembea pamoja kwenye mshipa mmoja. Baadhi ni nzima kabisa kama za mumeo. Baadhi hazina karibu kitu, kama za mwanao. Mashine ikizipima zote kwa pamoja inatoa wastani, ndiyo hiyo "katikati" uliyoandikiwa.

Ukitaka kuliona kwa macho nenda Mji wa Kale asubuhi wakati wavuvi wanatupa matumbo ya samaki, uangalie wale paka wa rangi tatu. Jeni ya rangi ya chungwa ya paka iko kwenye X. Paka jike aliyepata X ya chungwa kwa mzazi mmoja na ya nyeusi kwa mwengine hatoki rangi ya katikati, hatoki kahawia. Anatoka mabaka, hapa chungwa, hapa nyeusi. Kila baka ni ukoo wa chembe, wote wametokana na chembe moja iliyolaza X fulani zamani na wajukuu wake wote wakafuata. (Ule weupe ni jeni nyingine, haiko kwenye X, tuuache.) Ndio maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Ukimpata dume mara nyingi ana X mbili na Y juu yake. Na jeni yenyewe ya chungwa watu waliitafuta miaka mingi, mwaka 2025 ndio timu mbili, moja ya Japani na moja ya Marekani, zikatangaza kwamba ni kipande kidogo cha X kilichokatika karibu na jeni iitwayo ARHGAP36.

Basi na wewe una mabaka, ila yako yako ndani ya damu hayaonekani.

Habari hii yote ilianza kwa paka. Mwaka 1949 huko Canada, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wanatazama chembe za neva za paka kwa darubini wakaona kidoa cheusi ndani ya kiini cha chembe. Majike wanacho, madume hawana. Baadaye Susumu Ohno akaonyesha kidoa kile ni X iliyojikunja. Halafu 1961 mama mmoja Mwingereza, Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza panya wenye manyoya ya mabaka, akaunganisha yote akasema X moja hulala, hulala mapema mimbani, na ipi ilale ni bahati nasibu. Na unajua walithibitisha vipi kwa binadamu? Kwa G6PD hii hii dada. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake huko Marekani walichukua damu za wanawake kama wewe wakaonyesha ni mchanganyiko wa chembe za aina mbili. Mwaka uliofuata wengine wakakuza chembe za ngozi, kila ukoo ukitokana na chembe moja, na kila ukoo ukatoa aina moja tu ya kimeng'enya, haukutoa zote mbili. Kwa hivyo wanawake wenye damu kama yako ndio waliofungua mlango wa elimu hii nzima, uwaambie na hilo huko nyumbani.

mama_kisauni

Mwalimu umeniliza kidogo, shukran sana. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mume wangu.

Lakini dadangu je? Na nimepata swali jengine, kama X yangu mbovu imelala kwenye baadhi ya chembe, kwa nini mtoto asipewe ile mbovu ikiwa imelala ivo ivo? Nina binti wa miaka minane pia, sasa ndio nawaza.

labu_likoni

Nafanya kazi maabara, acha nijibu la dadako.

Ule uchaguzi wa X ipi ilale hufanyika mwanamke akiwa kiinitete, chembe ni chache mno. Chukua sarafu kumi uzirushe. Mara nyingi utapata tano kwa tano au sita kwa nne, lakini rusha mara nyingi utaona na nane kwa mbili, hata tisa kwa moja. Ungekuwa na sarafu elfu moja usingeona hivyo, ingekaribia nusu kila mara. Sasa chembe zikiwa chache wakati wa kuchagua, bahati ina nguvu. Wewe ilikuangukia karibu nusu kwa nusu. Dadako ilimwangukia vibaya, chembe nyingi zikalaza ile nzima, na kutoka hapo damu yake yote imefuata. Jeni ni zile zile, uchaguzi tofauti. Hata pacha wa kike wa yai moja hutofautiana hivi, mmoja mzima mwengine apatwa.

Kwa hivyo naomba sana mtu asikwambie "mwanamke hubeba tu". Dadako kwa dawa ni kama mgonjwa wa kiume, amwambie kila daktari. Primakwini ya malaria, dapsoni ya ukoma, na hizo kemikali za kabatini aziogope. Na wewe usijione umeokoka, zile chembe zako mbovu zitapasuka vile vile, ila zitabaki nzima za kukushikilia.

Kitu kengine kuhusu vipimo, na hapa watu wengi huteleza. Kuna kipimo cha haraka cha ndiyo au hapana. Kwa wanaume ni kizuri manake wao ni ama nzima ama mbovu. Kwa mwanamke wa katikati kinaweza kusema mzima na sio. Wanawake wataka kile kinachotoa namba. Na usipime mtu wakati damu yake imetoka kupasuka, zile kuukuu mbovu zimekwisha kufa, zilizobaki ni changa na changa huwa na kimeng'enya kingi, majibu yatakudanganya. Chembe nyekundu huishi kama siku 120, ngoja miezi mitatu ivi urudie.

Halafu msiichukulie hii jeni kama laana. Iko Pwani nzima na Afrika kote palipo na malaria kwa sababu ilikuwa inasaidia. Mwaka 1969 Lucio Luzzatto na wenzake pale Ibadan Nigeria walichukua damu ya watoto wa kike wenye mchanganyiko kama wako, wana malaria, wakahesabu. Ndani ya damu ya mtoto mmoja, vijidudu vimejaa kwenye chembe nzima na ni vichache kwenye zile zenye upungufu. Mtu mmoja, mshipa mmoja, malaria ile ile, na vijidudu vyapenda hizi kuliko zile. Mimi kila nikitazama slaidi ya mwanamke wa katikati hukumbuka kazi ile.

kibokoni_95

Subhanallah. Sasa mimi kila nikimuona paka wa mlangoni kwetu ntamtazama kivingine. Lakini wataalamu hebu nielezeni, X inalalaje? Nani anailaza? Na ni lini hasa, mwezi wa ngapi wa mimba?

binti_tudor

Naweza kujibu hii manake ndio niliyoisomea mwaka huu na nimeipenda kuliko mada yoyote. (Niko mwaka wa tatu udaktari, mwalimu akiona nimekosea anirekebishe.)

Si mwezi. Ni wiki. Kwa binadamu ni karibu na ule wakati kiinitete kinajishika kwenye mji wa mimba, mwisho wa wiki ya kwanza kuingia ya pili baada ya yai kurutubishwa. Mama mwenyewe bado hajajua ana mimba, siku zake hazijachelewa hata, na tayari binti aliye tumboni ameshaanza kuchagua chembe kwa chembe.

Nani anailaza: yajilaza yenyewe. Kwenye X kuna jeni inaitwa XIST, iligunduliwa 1991. Jeni nyingi hutoa RNA ambayo ndiyo maagizo ya kutengeneza protini. Hii yatoa RNA ndefu mno, zaidi ya herufi elfu kumi na saba, na haitengenezi protini yoyote. Inabaki pale pale kwenye kiini, inajipaka juu ya X iliyoitoa mwanzo mpaka mwisho, yaani X yajifunika gubigubi. Halafu inaita protini nyingine zinazokuja kuikunja na kuitia alama za kemikali isisomeke tena. Ikishakunjwa husukumwa kando ya kiini, ndicho kile kidoa cha Barr alichosema mwalimu. Na ile X ya pili inazima XIST yake, inabaki macho.

Pale mwanzo nilidhani ni rahisi hivyo, kisha nikasoma kuhusu viinitete vya binadamu nikakuta mambo mengine kabisa. Kwa miaka mingi kila kitu kilijulikana kwa panya. Kwenye panya X ya baba ndiyo hulala kwanza mapema kabisa, inabaki imelala kwenye kondo la nyuma, lakini kwenye chembe zitakazokuwa mtoto yaamka, halafu uchaguzi wafanywa upya kwa bahati. Kangaruu wao hawachagui, ya baba hulala maisha yote. Watu wakadhani binadamu ni kama panya. Mwaka 2011 Ikuhiro Okamoto na Edith Heard huko Ufaransa wakatazama viinitete vya binadamu vilivyobaki kwenye matibabu ya uzazi, wakaona XIST inatoka kwenye X ZOTE mbili, hata kwenye vya kiume vyenye X moja inatoka, na hakuna iliyolala. Yaani shuka limeshafunika na mtu bado yuko macho! Mimi hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Halafu 2016 timu ya chuo cha Karolinska huko Sweden ikapima chembe moja moja, chembe 1,529 kutoka viinitete 88, wakaona kwamba vya kike vinaanza kupunguza sauti ya X zote mbili kidogo kidogo, kama redio mbili unazipunguza zote badala ya kuzima moja. Baadaye ndio moja yazimwa kabisa na nyingine yapanda. Wengine bado wanabishana juu ya hilo la kupunguza, lakini kwamba binadamu si panya hapo hapana ubishi tena.

Na ikishalala imelala. Chembe ikigawanyika, mabinti zake hulaza ile ile, miaka sabini, themanini. Kuna paka Marekani, chuo cha Texas A&M, alizawa Desemba 2001 kwa kunakiliwa kutoka chembe ya paka wa rangi tatu kwa jina Rainbow. Jeni zote ni za Rainbow. Wakamwita CC. Akatoka bila chungwa hata kidogo, kwa sababu chembe waliyoichukua ilikuwa na X ya chungwa iliyolala na haikuamka.

Ongezeko moja, si kila jeni kwenye X iliyolala inanyamaza, kuna kama asilimia 15 zinaendelea kusomeka. Ndiyo maana mwanamke aliyezawa na X moja tu hupata matatizo, japokuwa kila mwanamke ana X moja tu iliyo macho.

mwl_bayolojia

Umeeleza vizuri mno mwanangu, sina la kurekebisha.

Mama Kisauni, sikusahau swali lako la mtoto kupewa X iliyolala. Kuna mahali pamoja mwilini ambapo X iliyolala huamka tena, nako ni kwenye chembe zinazokuja kuwa mayai. Binti yeyote akiwa bado tumboni kwa mamake chembe zake za mayai zimeshaanza kuziamsha, kwa hivyo mayai yako yalikuwa na X zote mbili macho, na kila yai likabeba moja bila kujua ipi nzima ipi mbovu. Mwanao akapata hiyo. Yeye hana ya pili, na ya pekee hailali, kwa hivyo kila chembe yake ya damu ni hivyo hivyo. Kakake je, ameshapimwa? Naye ilikuwa nusu kwa nusu.

Binti yako wa miaka minane: kwa babake amepata X nzima kwa yakini, manake baba ana moja tu na ni nzima. Kwako nusu kwa nusu. Akiwa amepata mbovu basi naye ni mabaka kama wewe, lakini kiasi gani huwezi kukisia kwa kukuangalia wewe, sarafu zake alizirusha mwenyewe.

Na hilo la "damu ya mama", X yako moja ilitoka kwa babako na nyingine kwa mamako. Kwa vile na dadako anayo, yaweza kuwa ya babenu, manake baba huwapa binti zake wote X yake hiyo moja. Hukuchagua kuipokea wala hukuchagua kuitoa.

mama_kisauni

Walimu wangu Allah awalipe. Baba alikuwa mtu wa Faza, kule Lamu, alifariki, na sasa nakumbuka mamangu akisimulia kwamba baba alipokuwa mdogo alipewa dawa ya malaria akakojoa mkojo mweusi kama kahawa, wakasema amerogwa.

Leo asubuhi mume wangu mwenyewe amevitoa vile vidonge akavitupa, nguo zote nimezifua zimeanikwa juu ya dari. Mavyaa alikaa akasomewa ile sehemu ya paka kuanzia mwanzo, akauliza mara mbili kama na yeye ana X iliyolala. Nikamwambia naam mama, na wewe.

@labu_likoni kaka, binti ntampeleka Jumatatu na kakake pia, niombe kile kipimo cha namba, sivyo? Na mimi nirudie baada ya miezi mitatu au ile yangu yatosha?

labu_likoni

Binti cha namba. Kakake hata kile cha haraka chatosha. Wewe kama hukuwa mgonjwa wala hukupewa dawa siku zile, majibu yako yasimame. Mdogo ndiye wa kurudia, miezi mitatu, na uende na ile karatasi ya kwanza.